Pumzi ya Tundu la Nne

Nyaishozi, Karagwe
Jumatano, 9 Julai 2025

Kaka yangu Tuyizere,

Shikamoo. Baada ya shikamoo, mwandishi huuliza afya ya anayemwandikia kisha akaeleza ya kwake. Nami hapo hapo, katika mstari wa pili tu, kalamu imenisimama. Nikikuuliza kama u mzima nitakuwa nimekubali jambo ambalo bado sijalithibitisha, na nisipokuuliza nitakuwa nimekunyima salamu ambayo hata mpita njia hupewa. Basi nakuuliza. U mzima? Unalala wapi? Kile kifua kilichokuwa kikikubana nyakati za ukungu kimepona? Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Baba magoti yanamsumbua, lakini hakubali kuitwa mzee. Mama anaona kwa jicho moja, na bado anachambua maharage upesi kuliko mimi mwenye mawili. Kahawa imezaa vizuri mwaka huu. Uwanja mzima umetandikwa mikeka, na kuku wanafukuzwa kutwa nzima.

Nakuandikia kwa wino, ingawa karatasi hizi nitazipiga picha na kumpa mtu azifikishe kwa simu, kwa sababu mwandiko wangu unaujua. Wewe ndiwe uliyenishika mkono nikijifunza herufi, na ile "g" yangu yenye mkia mrefu ni yako. Ikiwa anayeisoma si wewe, naomba asamehe, na asome hadi mwisho, kwa kuwa mwishoni lipo jambo lake pia.

Nianze na lile ambalo huenda unalijua tayari. Nyumbani kwetu wewe umezikwa. Kaburi lako liko Kimuli, ndani ya kibanja chetu, hatua kumi na nne kutoka mlango wa jiko, pale ulipokuwa mgomba ulioangushwa na upepo. Ulizikwa Aprili 2016, siku kumi na mbili baada ya mtumbwi uliokuwa ukiwarudisha kutoka harusini, ng'ambo ya mto Kagera, kupinduka. Mlikuwa watu tisa. Watano waliogelea wakatoka, watatu wakapatikana kesho yake wakiwa maiti, na wa tisa ulikuwa wewe, uliyekwenda kuwapigia watu kinanda cha mdomo wacheze.

Unakumbuka jinsi majirani walivyotusema kabla ya hapo. Baba aliingia hapa akitokea Rwanda akiwa kijana wa kulima vibarua, akanunua kibanja, akapanda migomba na kahawa, akazaa watoto wawili, na bado Mzee Kashaija alikuwa akimtania kilabuni kwamba mtu asiye na kaburi kibanjani kwake bado yuko safarini, hajafika. Alisema akicheka, na Baba alicheka naye, kisha akirudi nyumbani hali chakula. Siku ya mazishi, Mzee Kashaija huyo huyo alishika jembe kwa mikono yake, hakumwachia kijana yeyote, na alipomaliza akamwambia Baba kwamba leo Theoneste umepanda mzizi, sasa nani atakung'oa. Tangu siku ile hakuna aliyetuita wageni. Tumekuwa watu wa hapa kwa ajili ya kaburi lako, kaka. Naomba uliweke jambo hilo moyoni wakati unaendelea kusoma.

Mimi nilimaliza chuo, na sasa ni mwaka wa sita nafundisha fizikia katika shule moja ya sekondari hapa Nyaishozi. Kile kinanda chako cha zamani, ambacho hukukibeba siku ile kwa kuwa uliazimwa kipya na wenye harusi, kilibaki kwangu. Kwa miaka mingi sikukigusa. Mwaka jana nilipokuwa nafundisha mawimbi ya sauti nilikipeleka darasani nikawaonyesha wanafunzi vilimi vya shaba vinavyotetema ndani yake, na mmoja akaniuliza kwa nini ulimi wa tundu la nne, ule wa kuvuta, haulii. Nilimjibu kwamba umekufa tangu tulipokinunua mnadani. Jioni ile nikajikuta nakipiga.

Huhitaji kukumbushwa, lakini acha niandike, maana hoja yangu yote imesimama hapo. Katika kinanda chetu, ukipuliza tundu la nne unapata "do", ukivuta unapata "re", kisha unapuliza tundu la tano upate "mi". Kwa kuwa ulimi wa kuvuta ulikuwa umekufa, kila wimbo uliopanda kwa njia hiyo ulifika kwenye "re" ukakuta shimo. Mtu mwingine angeiruka sauti hiyo au angenunua kinanda kingine. Wewe uliamua tusiiruke. Uliniambia tuvute tu kama kawaida, ulimi usipolia basi pumzi ipite na tuhesabu kwamba imelia. Hivyo nyimbo zetu zote zilikuwa na mahali pale ambapo muziki unakatika na mtu anasikika akivuta pumzi, kama aliyetaka kusema neno akaghairi. Nilijifunza hivyo, na hadi leo, hata kwa kinanda kipya ambacho ulimi wake ni mzima, navuta tundu la nne taratibu mno kiasi kwamba halilii, linapumua tu. Mapafu yamezoea kuliko akili.

Ndipo nikatafuta masomo mtandaoni, maana nilijua nimekwama. Mimi si mwanafunzi anayeanza tena na sijafika walipo mabingwa, na watu wa katikati, nimegundua, hawafikiriwi na mtu. Nilijaribu kwanza masomo ya bure, mamia ya video zisizo na mpangilio. Moja inakufundisha kinanda kinashikwaje, inayofuata inakunja sauti mpaka unadhani mpigaji analia, na katikati hakuna daraja. Kisha nikajaribu darasa la ana kwa ana, mwalimu na wanafunzi wakionana kwenye skrini. Lile lilinifaa kwa somo moja na nusu. Siku ya pili mvua ilinyesha, mtandao ukakatika, na uso wa mwalimu ukaganda mdomo wazi kwa dakika kumi na moja. Mwanamisi, binti wa marehemu Mzee Shaaban mwenye duka, ambaye ndiye ananiuzia bando, alikuwa akinicheka kila nikiingia. Aliniambia wenzangu wananunua bando kuangalia tamthilia, mimi nanunua nikapulize hewa ambayo Mungu ameitoa bila bando. Nikamjibu kwamba hewa ni bure ila kuipanga kuna mwalimu wake. Akasema haya mwalimu, kapangwe, ila ukianza kupendwa na nyoka usije dukani kwangu.

Ni yeye huyo aliyeniambia habari za Mwalimu Egbert. Shemeji yake wa Bukoba alikuwa amejifunza kwake. Ni mzee mstaafu aliyepiga vinanda kanisani maisha yake yote, na sasa anafundisha watu wa kiwango cha kati kwa sauti pekee, bila video. Kila Jumatatu anatuma somo dogo kwenye simu, wewe unajirekodi ukifanya zoezi, naye anakusahihisha kwa sauti. Hataji jina la mwanafunzi mbele ya mwingine. Kila mtu ana namba, mimi ni ishirini na saba. Anasema katikati ya safari watu hujifunza zaidi kwa makosa ya wenzao kuliko kwa ustadi wa mwalimu, na kwamba kosa lisilo na jina halimwaibishi mtu. Kwa hiyo kila mwezi anakusanya rekodi za makosa na kutusikilizisha. Niliona utaratibu huo una busara, na faili zake ni nyepesi, hata mtandao wetu unaziweza. Nilikuwa sijaamua bado. Nilimwomba anitumie mfano mmoja wa somo ili nilinganishe.

Mfano alionitumia ulikuwa wa makosa. Niliusikiliza Jumapili moja ya Mei, saa tisa alasiri, juu ya kilima cha barabara ya kwenda Ihembe ambako simu inashika vizuri. Jua lilikuwa kali na kulikuwa na mbuzi wawili karibu nami. Nakueleza hivyo ili ujue sikuwa gizani wala sikuwa na usingizi. Mwanafunzi wa kwanza alipuliza kwa nguvu mno. Wa pili alikuwa akichelewa. Kisha Mwalimu Egbert akasema sasa msikilizeni namba thelathini na moja, ana kosa ambalo katika miaka yangu yote sijaliona, anaheshimu sauti ambayo haipigi. Kikaanza kinanda, kikapanda, kikafika kwenye "re". Na pale muziki ukakatika, na mtu akavuta pumzi.

Mbuzi wote wawili waliinua vichwa. Sitaki kulipa jambo hilo uzito kuliko linavyostahili, mbuzi huinua vichwa kwa mengi. Lakini niliirudia rekodi ile mara ishirini na moja, na waliinua mara ya kwanza tu.

Nilifanya kama nilivyofundishwa. Nilijiambia kwamba kipimo kimoja si ushahidi. Nilipakua programu inayochora mawimbi ya sauti, nikapima urefu wa pumzi ile katika rekodi ya namba thelathini na moja, kisha nikajirekodi mara kumi nikapima yangu. Yangu ilikuwa ndefu kidogo. Nilifurahi, nikasema si yeye. Siku mbili baadaye nikakumbuka kwamba wewe pia ulikuwa ukinigombeza kwa sababu pumzi yangu ni ndefu kuliko yako, kwamba ninawachelewesha wachezaji. Basi kipimo kile kile kilichokataa kikawa kinakubali, na tangu hapo sikiamini hata kidogo.

Nikajiandikisha kwa Mwalimu Egbert siku hiyo hiyo. Nikiulizwa kwa nini nimechagua masomo yake kati ya yote, nitasema mpangilio, wepesi wa faili, na utulivu wa mzee. Yote ni kweli na si sababu.

Wiki ya tatu aliagiza kila mtu apige wimbo wowote wa utotoni kwao. Nilituma ule wa pombe ya rubisi, ule tulioutunga tukikanyaga ndizi na majani ndani ya lile gogo, wewe ukipiga na mimi nikikanyaga. Nilituma nusu tu, ile ya kwanza, kwa sababu nusu ya pili nilikuwa nimeisahau. Kesho yake Mwalimu Egbert alinipigia. Aliongea kwa upole na kwa mzunguko mrefu, kama mtu anayetaka kumuuliza mgonjwa swali la aibu, na hatimaye akaniuliza kama mimi na namba thelathini na moja si mtu mmoja mwenye simu mbili. Nilipokana akaniambia kwamba namba thelathini na moja naye ametuma wimbo wake, na kwamba unaanzia pale pale wangu ulipoishia.

Niliusikia. Ulikuwa nusu ya pili.

Nilimsihi anipe namba ya simu ya mwanafunzi huyo. Alikataa, na sikumlaumu, amewaahidi wote. Alinieleza machache tu. Simu ni ya nchi jirani. Mwenye nayo hajawahi kuandika neno wala kujitambulisha kwa sauti, hutuma mazoezi tu, na kila mara huyatuma siku moja baada yangu, hata pale ninapochelewa. Mzee alishajaribu kumpigia. Simu ilipokelewa, hakuna aliyesema haloo, mtu akasikika akivuta pumzi mara moja, kisha ikakatwa. Alisema alidhani ni hitilafu ya mtandao. Nilimwambia huenda ni hivyo. Tulikuwa watu wazima wawili wenye elimu tukisaidiana kutoamini.

Nimejipinga kwa kila njia. Ulipiga wimbo wa rubisi kwenye harusi nyingi, na yeyote aliyeupenda angeweza kuushika. Ulikuwa pia na tabia ya kumfundisha kila aliyekaa karibu nawe, na aliyejifunza kwako angejifunza na kosa lako. Naweza kulielewa hilo. Nisichoweza kukielewa ni kwa nini, kama ni wewe, umenyamaza miaka tisa. Jibu moja tu limenijia, nalo linanitia baridi. Kifo chako kilitangazwa redioni. Mimi ndiye niliyepeleka tangazo. Lilisomwa mara tatu, saa saba mchana, jina lako, majina ya Baba na Mama, kijiji, na siku ya mazishi, na redio ile inasikika vizuri mpaka ng'ambo. Namfikiria mtu aliyetolewa majini na watu asiowajua, kifua kimejaa maji, amelala kwenye nyumba ya wenyewe, na redio ikiwa juu ya dirisha inamsomea kwamba familia yake imemzika. Je, mtu huyo hurudi? Na akirudi anabisha hodi kwa jina gani? Bibi yetu alikuwa akisema aliyekwisha kuliliwa matanga hapiti tena mlangoni, na nilipokuwa mdogo nilidhani ni maneno ya kututisha tusichelewe kurudi.

Mwishoni mwa Juni, shule zikiwa zimefungwa, nilikwenda Kimuli. Nilikuta Baba amekusanya mchanga na mawe. Ameamua kaburi lako lijengewe kwa saruji kabla ya mvua za Septemba, na fundi Byarugaba amepewa siku, Jumamosi hii tarehe kumi na mbili, aje amwage zege na kuandika jina lako likiwa bado bichi. Baba amebeba mchanga ule mwenyewe kwa magoti yale. Mzee Kashaija alikuwa ameketi kwenye jiwe akimsimamia na kumkejeli kwamba anambebea mwanawe mchanga kwa vijiko, kwa mwendo huo watamalizana na marehemu huko huko. Walikuwa wanacheka, wazee wawili, marafiki. Sijawahi kumwona Baba ametulia namna ile.

Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa mzito, kama ule uliokuwa ukikubana kifua. Yapata saa nne haukuwa umeondoka, na kutoka mlangoni kaburi lilionekana kama mtu aliyejifunika shuka. Baba alikuwa kwenye kahawa. Nilidhani Mama yuko jikoni anapika ndizi. Nilikwenda nikasimama kando ya kaburi, nikafungua simu, nikapiga rekodi ile ya nusu ya pili. Sijui nilitaka nini. Nadhani nilitaka kuona kama kuna kitakachobadilika, kama mtu anavyoweka sumaku mbili karibu.

Mama alitoka na majivu mikononi. Hakuuliza nani anapiga. Aliuliza mbona anapigia nje kwenye baridi. Nilimwambia ni simu tu, ni mwanafunzi mwenzangu wa masomo ya mtandaoni. Akanijibu kwamba yeye ni chongo, si kiziwi, simu anaijua. Alisikiliza mpaka mwisho. Ilipofika ile pumzi, midomo yake ilifunguka kidogo naye akavuta pamoja nayo. Kisha akalitazama kaburi, kwa muda, jinsi unavyomtazama mtoto wa jirani aliyelala kwako, akaniambia maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema:

"Huyu wa hapa nimekaa naye miaka tisa. Ni mtoto mpole, hana usumbufu. Lakini hajui kupuliza."

Alipangusa majivu kwenye khanga, akageuka kwenda jikoni, na alipofika mlangoni akaongeza, bila kunitazama, kwamba huyo wa kaburini naye ana mama yake mahali.

Kaka, sasa nakuungamia.

Walipompata yule mtu tuliyemzika, ilikuwa siku ya kumi na moja, mbali sana mto unakoteremkia. Mama alikuwa ameshinda ukingoni siku zote hizo na alikuwa ameacha kula. Baba alisema maiti isipopatikana ataiuza ardhi turudi alikotoka, hawezi kuishi mahali ambapo mto umemla mwanawe na nchi haijampokea. Nilikuwa nimekuja kutoka chuo, nikatumwa mimi kwenda kumtambua, kwa sababu nilikuwa msomi na msomi hasemi uongo. Mhudumu wa mochwari alinionea huruma. Alisema uso nisiuone, hautanisaidia, akafunua shuka upande wa miguu.

Unajua nilikuwa natafuta nini. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja, tulikuwa tunapalilia maharage, jembe likakupata kidole gumba cha mguu wa kushoto, na mimi ndiye niliyekifunga kwa kamba ya ganda kavu la mgomba. Ukucha haukuota tena. Kidole kile kilikuwa laini kama kokwa, na ulikuwa ukituchekesha kwa kukichora macho.

Ukucha ulikuwepo. Ulikuwa mzima, umekatwa vizuri. Nilitazama mguu wa kushoto, nikatazama wa kulia, nikarudi wa kushoto. Mhudumu akaniuliza, dada, ndiye? Nikasema ndiye.

Tangu siku hiyo nimejenga hoja nyingi. Kwamba maji hubadilisha mwili. Kwamba nilichanganya kushoto na kulia kwa kuwa nilisimama upande wa miguu. Kwamba kumbukumbu ya mtoto si kipimo. Mwanafunzi wangu akiniletea hoja za namna hiyo ningemkata alama, maana hakuna maji yanayootesha ukucha. Nilijua. Sikuwa na hakika kwamba wewe ni mzima, nataka uelewe hilo. Nilidhani mto umekuchukua na hautakurudisha. Nilidhani namchukua mtu asiye na mwenyewe nimpe mama, na mama nimpe mtu. Sikufikiri kwamba mtu yule naye alikuwa na mama, ambaye huenda hadi leo anashinda kwenye ukingo fulani. Wala sikufikiri kwamba nawe unaweza kuwa na masikio.

Ijumaa nakwenda Kimuli, nami nitawaambia Baba na Mama niliyoyaona mochwari, kabla fundi hajachanganya saruji. Uamuzi huo hautegemei jibu lako. Nimeogopa sana kuufikia, na sijui Baba atabaki na nini nikishamwondolea mzizi wake, wala Mzee Kashaija atakaa kwenye jiwe gani. Huenda nakosea tena, kama nilivyokosea nikiwa na hakika. Lakini yule aliyelala pale hawezi kufungiwa chini ya jina la mtu mwingine. Byarugaba nimeshampigia simu nikamwomba, hata kama Baba ataamua kujengea, mahali pa jina apaache patupu. Alicheka, akasema mwalimu, saruji ikishakauka haiandikiki tena, unataka watu waulize ni nani? Nikamwambia ndiyo, nataka waulize.

Kwako nina ombi moja. Zoezi la wiki hii, kama ulivyosikia, ni kupanda "do, re, mi" mara tano polepole. Sikuombi uandike. Ukiwa ndiwe Tuyizere, pumua tulipokuwa tukipumua, mara zote tano. Ukiwa mtu ambaye kaka yangu alimfundisha, tafadhali ilize ile "re" kwa sauti kamili, nami nitaelewa kwamba alipita mikononi mwako, na nitashukuru. Uwezekano wa tatu upo, na sitauandika, kwa sababu sina chombo cha kuupimia.

Baba angekusalimu kama angejua. Mzee Kashaija angekutania. Mwanamisi anasema kinanda kimeanza kunipendeza, jambo ambalo kwake ni sifa kubwa. Salamu za Mama nimeziacha mwisho, maana sikumwambia yeyote kwamba nakuandikia, hata Mwalimu Egbert, nitakayemwomba akufikishie, bado hajui. Mama alinipigia leo saa mbili asubuhi, nilipokuwa ndiyo kwanza nimeandika jina lako juu ya karatasi. Aliniuliza kama nimeshakunywa chai, akanieleza habari za kuku na kahawa, na kabla ya kukata akaniambia nikimaliza kuandika nikwambie chakula chako kimefunikwa, na mlango wa jiko haufungwi.

Nakuaga, kaka, kwa mkono ule uliouongoza.

Mdogo wako,
Uwiringiyimana